Ayuma Hakulia

Kaka yangu Andati alipozikwa, mke wake hakulia. Watu wa kwetu wanaianza hivyo hadithi ya Ayuma mpaka leo, na mimi naianza vivyo hivyo ili nisidhaniwe ninaficha kitu. Hakulia mwili ulipoletwa, hakulia kwenye mkesha, hakulia udongo ulipoanza kugonga sanduku. Haya, hilo limesemwa. Sasa nipeni nafasi niseme yale ambayo wao huyaruka.

Mimi ni Beldina, dada yake Andati. Niliolewa Lugari, kwenye yale mashamba ya mahindi yaliyokuwa ya wazungu zamani, na kila mtu huko ananijua kwa machozi yangu ya karibu. Nalia kwenye harusi. Nalia redio ikitangaza vifo vya watu nisiowajua. Mwaka mmoja nililia ng'ombe wetu alipouzwa, na mume wangu akaniuliza kama alikuwa ndugu yangu. Kwa hiyo mtu asije akasema ninamtetea Ayuma kwa kuwa tunafanana. Hatufanani hata kidogo.

Ayuma alizaliwa Iguhu, nyumbani kwa mzee aliyefuga mafahali wa kupigana. Asiyetoka pande zetu huenda asijue fahali wa aina hiyo anavyolelewa. Hafungwi jembe, hachungwi pamoja na ng'ombe wengine, anapewa pombe ya busaa na kuimbiwa, kisha Jumamosi asubuhi anatolewa, ngoma za isukuti zinalia, na kijiji kizima kinakimbia naye hadi uwanjani. Mtoto anayekulia kwenye boma kama hilo huzoea kelele na pembe, au hazizoei kamwe. Ayuma alizizoea kabla hajaota meno ya pili. Mdogo wake Alice hakuzizoea. Isukuti ikilia mbali huko ng'ambo ya mto, Alice alikuwa tayari chini ya kitanda, mikono masikioni, analia.

Siku moja fahali alivunja ua akaingia jikoni. Alice alibaki amesimama katikati ya njia yake, amekauka, hawezi hata kupiga ukelele. Ayuma, aliyekuwa bado msichana wa kubeba maji kwa kibuyu kidogo, aliipua sufuria kwanza, akaiweka kando, ndipo akamvuta mdogo wake kwa gauni. Baba yao alipomuuliza kwa nini alianza na sufuria, alisema ilikuwa na uji wa moto, na fahali angeumwagia Alice. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa mtu wa namna hiyo hiyo mwenyewe, na dada yake pia, na inasemekana babu yao pia. Iguhu walikuwa na jina lao: watu wa maji baridi. Lakini si wote wa nyumba ile walikuwa hivyo. Ayuma na Alice walitoka tumbo moja, wakanywa uji wa chungu kimoja, wakachapwa na fimbo moja, na bado mmoja moyo wake ulikuwa ukiruka kwa mlio wa kifuniko na mwingine haukuwa na habari.

Andati alipomtaka Ayuma, mama yetu Navalayo alituma watu Iguhu kuuliza, kama inavyofanywa. Hatuoi mtu bila kuuliza. Je, kuna kifafa kwenye ukoo? Kuna wizi? Kuna mtu anayetembea usiku? Wajumbe walirudi wakasema nyumba ni safi, ila huyo msichana halii. Mama akawauliza maana yake nini. Wakasema, halii tu, hata akichapwa. Mama akanitazama mimi niliyekuwa nikimenya viazi pale mlangoni, akasema mwenye kulia tunaye tayari. Akatuma ng'ombe.

Hivyo ndivyo Ayuma alivyofika kwetu, karibu na Khayega, na haikuchukua muda watu wakagundua faida yake. Mtoto akijimwagia uji, aliitwa Ayuma. Mwanamke akishikwa na uchungu njiani akitoka sokoni, aliitwa Ayuma. Hakuwa muuguzi, hakusomea chochote, dawa alizojua ni zile zile ambazo kila mama anazijua. Alichokuwa nacho ni mikono ambayo haikutetemeka, na sauti ambayo haikupanda. Wengine tulipiga mayowe na kukimbia huku na huku. Yeye alikuwa ameshapiga magoti. Na Andati alikuwa akijivuna naye waziwazi. Kila Jumapili kabla ya kanisa alikaa kwenye kigoda nje, Ayuma akamnyoa kwa wembe. Alikataa kabisa vinyozi wa mjini ingawa alifanya kazi mjini na walikuwa kila kona. Aliwahi kuniambia, "Beldina, wengine wanapendwanga kwa mdomo. Mimi napendwa kwa mkono."

Kisha kuna habari ya Cleophas, kaka yetu mdogo. Hii naomba muishike vizuri. Jumamosi moja uwanjani fahali alishindwa, akageuka, akawarukia watazamaji. Cleophas alikuwa mbele, kama kawaida yake, akitamba na filimbi mdomoni. Pembe ilimchana paja. Watu walitawanyika, marafiki zake walikuwa wa kwanza kutoweka. Mimi nilikuwapo, nimekuja likizo na watoto, na nakiri nilichofanya ni kulia huku nimeshika kichwa. Ayuma alivua leso, akaisokota, akaibana pale damu ilipokuwa ikiruka, akalala juu yake kwa uzito wake wote. Cleophas alikuwa akirukaruka na kumwita mama. Ayuma akamwambia, "Tulia, mulamwa." Mulamwa ndivyo shemeji anavyoitwa kwetu. Hakupaza sauti. Cleophas akatulia. Wakakaa hivyo mpaka pikapu ikapatikana, na baadaye hospitali daktari akasema leso ile ndiyo iliyomwacha hai. Kwa miaka kadhaa Cleophas alimsifu Ayuma kwenye kila busaa aliyoinywa.

Ndipo ukaja mwaka wa 1997, mvua nyingi, na malaria ikapita kwenye vilima vyetu nyumba kwa nyumba. Andati aliugua Jumatatu akidhani ni mafua. Ilimpanda kichwani. Kufika Alhamisi alikuwa ameshakufa, na mimi nilikuwa kwenye gari kutoka Lugari, nimebeba chupa ya maziwa niliyodhani atayanywa.

Kwetu mwili ukija nyumbani mke ndiye hutangulia. Anatoka hadi barabarani, anajitupa chini, anamwita mumewe kwa majina yote, anamuuliza anamwachia nani watoto. Nyuma yake wanawake wengine wanadakia. Kila mtu alikuwa amejipanga. Ayuma alitoka hadi barabarani, sawa. Akasimama kando ya gari. Sanduku lilipoanza kushushwa akawaambia wabebaji, "Shikeni vizuri huko nyuma. Hapo kuna mtaro."

Basi, hayo tu. Mimi ndiye niliyeanza kulia kwa ajili yake na yangu, na Alice aliyetoka Iguhu akajitupa kwenye matope akaharibu nguo nzuri kabisa. Alice alikuwa amemwona Andati mara chache sana maishani, lakini jioni ile alisifiwa na kila mtu. Wanawake walisema, huyo ndiye mwenye uchungu.

Kwenye mkesha shangazi mmoja alimfuata Ayuma nyuma ya nyumba na ugoro kidogo kwenye kiganja. "Pakaa kidogo tu kwa macho, mwanangu. Watu wanaangalia." Nilikuwa pale, nilisikia. Ayuma akamfunga yule mama kiganja chake taratibu. "Andati alikuwa ananijua," akasema. "Nikimlilia na ugoro leo, atakuwa amezikwa na mwanamke mwingine." Shangazi aliondoka akitikisa kichwa. Kufika asubuhi maneno yalikuwa yameshazunguka boma: mke amekataa kulia. Kufika mchana yalikuwa yameongezwa chumvi: anajua alichomlisha.

Na sasa niseme nililoliona mimi, kwa sababu nililala nyumba ile. Andati alikuwa mtu wa kuoga alfajiri kabla ya kupanda baiskeli kwenda mjini. Kila alfajiri baada ya mazishi, Ayuma aliamka, akawasha moto, akateleka maji ya kuoga. Yalipochemka alisimama akiyatazama. Kisha akayatoa nje na kuyamwaga kwenye migomba. Hakuwa ameonja hata tonge la obusuma, ugali wetu, tangu Alhamisi. Niliuliza, na bado nauliza, ni nani aliyeamua kwamba hiyo siyo kulia. Iliniuma kuona mtu anaomboleza mbele ya macho yetu na sisi tunamtafuta machozi shavuni.

Siku chache baada ya kuzika, ukoo hukutana kunyolewa nywele. Mjane, watoto, mama, ndugu, wote wananyolewa, na hapo ndipo mambo ya boma huamuliwa. Kunyolewa si urembo. Anayenyolewa ni wa boma. Asiyenyolewa ni mgeni aliyekuja kula. Cleophas alisimama kabla wembe haujatolewa. Alichechemea kidogo, paja lile halikuwahi kunyooka sawasawa, na akasema alilokuwa amelipika tangu mazishi: Ayuma asinyolewe. Mwanamke ambaye mume wake amekufa kwa siku nne na hakutoa hata tone moja la chozi, huyo ana lake. Arudi Iguhu. Nyumba na shamba vitabaki na watoto, na yeye Cleophas atawaangalia watoto.

"Mtu ambaye hajanyolewa hapa leo," akamaliza, "si mtu wa hii boma. Hiyo mnajua wote."

Wazee waliitikia kwa vichwa. Ni kweli, wote tunajua hivyo. Ayuma alikuwa amekaa chini kwenye majani, Imali upande mmoja na Were upande mwingine. Hao ndio watoto wake. Were, yule mdogo, alikuwa amelia mpaka sauti ikaisha. Imali, msichana wa darasa la nne, alikuwa amekaa wima anawatazama watu kwa macho makavu.

Titus ndiye aliyetaka kuokoa mambo. Titus ni mtoto wa Alice, alikuwa akisomea udaktari chuo kikuu Eldoret, kijana mzuri, mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni. Nilimsikia Ayuma akimwambia kwa chini, "Wacha, Titus." Akajibu, "Mama mkubwa, niachie hii. Nitawaelezea kisayansi wataelewa." Akasimama.

Na alieleza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisema ndani ya ubongo wa kila mtu kuna sehemu ndogo, ukubwa wa njugu, moja huku na moja huku, ambayo inasaidia kupokea hofu na huzuni. Unapoona nyoka, au uso wa mtu anayelia, hiyo sehemu inaamka na kuushtua mwili mzima. "Lakini haiamki sawa kwa watu wote," akasema. "Wengine inashtuka haraka, wengine pole pole. Na wataalamu wanafikiria sehemu ya hiyo tofauti tunazaliwanga nayo. Tunarithi maagizo madogo kutoka kwa baba na mama, yanaitwa jeni. Mwaka jana tu huko ng'ambo wameandika juu ya moja ambayo inakuja kwa namna mbili, fupi na ndefu. Wale wako na fupi wanaonekana kuwa na wasiwasi kidogo zaidi. Kidogo tu. Bado wanabishana, na jeni moja haiwezi kumaliza habari ya mtu. Malezi yako hapo, maisha yako hapo. Nataka kusema tu kwamba mtu anaweza kukosa machozi na bado awe na uchungu. Mama yangu analia, dada yake halii, na hakuna mmoja amekosa."

Nilitaka kupiga makofi. Cleophas alikuwa ametulia, ananyonya meno.

"Kwa hivyo daktari," akasema, "unasema iko kwa damu."

"Kwa sehemu, ndiyo."

"Iko kwa damu," Cleophas akawageukia wazee. "Mmesikia. Si mimi nimesema, ni mtu wao amesema." Kisha akamnyooshea kidole Imali. "Na huyo je? Baba yake amezikwa, ameangalia tu kama mtu anaangalia mpira. Were ni wetu, amelia. Were abaki. Lakini huyo msichana ameshika damu ya Iguhu. Kesho tutamuoza wapi? Watu wakikuja kuuliza tutawaambia nini? Aende na mama yake."

Titus alisema hapana, hapana, si hivyo alivyomaanisha. Lakini "kwa sehemu" yake ilikuwa imeshapotea hewani, hakuna aliyeikumbuka. Ikabaki damu peke yake. Kosa lile lingeweza kufanywa kwetu tu, nafikiri: kuja mbele ya watu ambao kabla ya kuoa huuliza ukoo una nini, na kuwaambia kwamba ukoo una kitu. Alikuja kumtetea mtu mmoja, akaongeza mshtakiwa wa pili, na wa pili ana miaka kumi. Mama mmoja mwenye wana wawili wa kiume aliyekuwa amekaa karibu na Imali alisogea, nikamwona kwa macho yangu. Nilihisi hasira ambayo sijawahi kuihisi tena. Nilifungua mdomo na kilichotoka, kama kawaida yangu, ni kilio.

Ayuma akasimama. Akajipangusa majani kwenye gauni.

"Asante, Titus. Kaa chini sasa." Titus akakaa. "Hiyo jeni mimi siijui. Pengine niko nayo, pengine sina. Kama iko, nilikuja nayo hapa mkiiona. Hamkuniokota njiani. Mlituma watu wakauliza na wakaambiwa." Alizungumza kama anavyozungumza siku zote, bila kupanda wala kushuka. "Mmesema ni kitu kibaya. Lakini hii miaka yote nani amekuwa akisema, itisha Ayuma, yeye haogopi? Mtoto ameungua, itisha Ayuma. Nyoka imeuma mtu, itisha Ayuma. Hakuna siku mtu aliniuliza, na wewe machozi umeweka wapi. Mlitaka mkono ambao hautetemeki. Leo mnataka utetemeke ndio mjue niko na roho."

Akamtazama Cleophas, na Cleophas akatazama miguu yake.

"Mimi sitalia. Hata leo sitalia, na si kiburi, haitoki. Ingekuwa inatoka ningemtolea Andati yote. Imali hatalia kwa ugoro, na hatakaa mahali na ndugu yake mahali pengine, hawa si vifaranga mnagawana. Mkitaka kuninyoa, ninyoeni. Mkikataa, nitakaa na nywele zangu hapa hapa. Hii nyumba nilikandika na hizi mikono. Sijaona wa kunitoa."

Akakaa chini. Hakuna mjane aliyewahi kusema na wazee hivyo, na walihangaika. Mwishowe mmoja wao akaamua watu wengine wanyolewe kwanza, habari ya Ayuma itafuata. Wazee wakishindwa huahirisha.

Mwenye kazi ya kunyoa alikuwa shangazi yetu, dada mkubwa wa marehemu baba. Alikuwa amelia tangu alfajiri, macho yamevimba, na kila akimtazama mtoto wa Andati alianza upya. Aliweka Were kwenye kigoda, akampaka sabuni, akaanza. Mkono ulikuwa ukimtetemeka vibaya sana. Akamkata juu ya sikio. Were akapiga kelele, shangazi akazidi kutetemeka, akamkata tena nyuma. Damu ilichanganyika na povu. Alice akageuka akatapika. Were aliachwa nusu kichwa, na ikawa zamu ya Mama.

Mama Navalayo alikaa kwenye kigoda. Aliona wembe ukimjia, unacheza, una damu ya mjukuu wake. Akamshika shangazi kifundo cha mkono.

"Peana hiyo wembe kwa Ayuma."

Cleophas akasema, "Mama, haiwezekani. Mjane hanyoi watu. Na yeye mwenyewe hatujakubaliana."

"Kichwa ni yangu," Mama akasema. "Mimi nataka mkono wa huyo. Wakati nilituma watu Iguhu nilimtaka na hiyo mkono yake, na sijabadilisha."

Shangazi alitoa wembe, na kusema kweli alionekana kufarijika. Ayuma alibadilisha maji, akaosha wembe, akapaka sabuni upya. Kisha akanyoa. Nilikuwa nimemwona akimnyoa Andati Jumapili nyingi, na alinyoa vile vile, kuanzia paji la uso kwenda nyuma, kidole gumba kikitangulia kuvuta ngozi. Wembe ulikuwa ukisikika.

Alipofika nyuma ya kichwa, karibu na shingo, akasimama.

Andati alikuwa na kijishimo pale, kidogo, kinachotosha ncha ya kidole. Nilikuwa nimekisahau. Nywele za Mama zilipoondoka, kikaonekana kichwani kwake, mahali pale pale. Sikuwahi kukiona kwa Mama kabla ya siku ile. Baba alipokufa nilikuwa mdogo mno kukumbuka, na siku nyingine nani humwona mama yake bila nywele? Ayuma aliweka kidole gumba chake ndani ya kile kijishimo akakiacha hapo. Wembe aliushusha kando. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka watu wakaanza kutazamana. Uso wake haukubadilika, macho yalikuwa makavu. Lakini bega lake moja lilikuwa limeshuka, kama mtu aliyetua mtungi.

Mama hakugeuka. Akasema, "Ndiyo. Alitoa kwangu."

Ayuma akasema, "Najua, Mama," akamaliza kunyoa. Hakumkata hata mahali pamoja.

Mama akainuka, akachukua wembe kwake, akamwonyesha kigoda. Hakuwauliza wazee. Mama ana mkono mbaya, alikuwa mzee tayari, na alimkata Ayuma mara mbili, Ayuma hakutikisika. Kichwa kilipoisha Mama alikipangusa kwa leso yake mwenyewe, mbele ya ukoo mzima, na wembe ukarudi kwa Ayuma. Akamalizia Were, taratibu, na Were akanyamaza. Akamnyoa Imali. Akaninyoa mimi, nikilia, na akanisubiri kila niliposhtuka. Baada ya hapo watu walijipanga wenyewe, wajomba, wake zao, hata wale wazee. Mama yule mwenye wana wawili alikuja pia. Hakuna aliyetaka wembe wa shangazi.

Jua lilipofika juu ya miti ya upande wa msitu, boma lote lilikuwa vichwa vitupu vinavyong'aa. Cleophas peke yake alikuwa na nywele. Alikuwa amesimama kwenye ua, amempa kila mtu mgongo, na watoto walianza kumtazama, kwa maana walikuwa wamesikia asubuhi mwenyewe alivyosema: asiyenyolewa si mtu wa boma. Hakuna aliyemkumbusha. Mimi nilitamani sana kumkumbusha, niliuma ulimi.

Ayuma hakumwita. Alikaa kando ya kigoda, wembe mkononi, beseni miguuni, akangoja. Chakula kilikuwa tayari na hakuna aliyepakua.

Mwishowe Cleophas akaja akichechemea. Akakaa. Ayuma akamlowesha nywele, akampaka sabuni, akaweka kiganja chake kwenye paji la uso wake. Hapo mwili wa Cleophas ukaanza kutetemeka, mabega na magoti, mpaka kigoda kikawa kinagonga jiwe.

"Tulia, mulamwa," Ayuma akasema.

Sauti ilikuwa ile ile ya uwanjani. Cleophas akafumba macho, na machozi yakaanza kumshuka yakichanganyika na povu, na kila yalipokaribia kuingia jichoni na sabuni, Ayuma alisimamisha wembe, akayafuta kwa ncha ya leso, akaendelea kunyoa.